Kuhusu Salim na hiyo safari ya Sweden

Kwako Kassim,

Salamu sana. Huku hatujambo, Mama Halima mguu umepona na kelele zimerudi palepale. Najua nimenyamaza miezi minne, nitagombezwa tukionana.

Naandika mbiombio kwa sababu ya zile laki tatu na nusu za "usajili" anazodai huyo jamaa anayejiita wakala, ili ampeleke Salim kucheza mpira Sweden. Msilipe. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, shirikisho la mpira la dunia, jina lake limo kwenye orodha ambayo yeyote anaweza kuisoma mtandaoni, naye hula baada ya kandarasi kutiwa sahihi. Kabla ya hapo hali chochote, sembuse minazi ya babu.

Halafu umri. Salim anatimiza 18 mwezi wa Oktoba. Kabla ya hapo FIFA hairuhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa vighairi vichache, kama wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Basi hiyo kandarasi ya Agosti aliyowaahidi ni hewa. Tena eti itaanza kazi "akipita vipimo vya daktari"! Kanuni zinakataza kuufunga uhalali wa kandarasi kwa vipimo au kibali cha kazi. Klabu humpima mtu kwanza, ndipo itie sahihi.

Mwaliko wa majaribio ni jambo lingine, huo waweza kuwa wa kweli. Uwe na tarehe, jina la anayemwita, na nani analipa nauli na malazi. Pigeni simu klabuni kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si ile iliyo chini ya barua ya mwaliko. Na viza ya Schengen ya siku 90 si kibali cha kazi.

Kibali si mchezo. McDonald Mariga, yule kiungo Mkenya, alipita Sweden, akafika Parma ya Italia, na Januari 2010 Manchester City wakamtaka. Uingereza ikamnyima kibali kwa kuwa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walikuwa chini mno kwenye orodha ya FIFA ya ubora wa timu. Siku ya mwisho ya dirisha la usajili akaenda Inter ya Italia, na Mei wakabeba Ligi ya Mabingwa. Bahati ya mtu! Mdogo wake Mariga, Victor Wanyama, alikaa Beerschot ya Ubelgiji miaka mitatu kabla Celtic ya Scotland hawajamchukua mwaka 2011 kwa pauni 900,000 hivi. Mwaka 2013 Southampton ya Uingereza wakamnunua kwa pauni milioni 12.5.

Hapo ndipo namtaka Kombo, kocha wa Salim, asikie. Mchezaji akiuzwa nje kandarasi yake haijaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea: robo asilimia ya ada kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Kwa ada kama ile ya Southampton, msimu mmoja wa kijana wa miaka 16 ni pauni 62,500. Lakini bila usajili wenye tarehe kwenye shirikisho, klabu ya mtaani haioni hata senti. Kombo ana daftari tu, na daftari lenyewe... unalijua.

Turudi kwa laki tatu na nusu: mmeshatoa kiasi gani? Kwa M-Pesa au mkononi? Jina la huyo jamaa kwenye kitambulisho ni lipi? Pasipoti ya Salim anayo nani? Na Kombo bado anamchezesha namba nane, kiungo wa mbele, au kamrudisha sita, kiungo wa nyuma?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Rashid