Dada yangu anataka kuacha vidonge vya saratani ya titi, na sasa mgongo unamuuma

Daktari, shikamoo.

Ninaandika kutoka Tukuyu kwa ajili ya dada yangu mwenye umri wa miaka 47, ambaye miaka miwili iliyopita aliondolewa titi la kushoto, akatundikiwa dripu za kemotherapia, kisha akasafiri hadi Dar es Salaam kupigwa mionzi. Tangu hapo anameza tamoksifeni miligramu 20 kila siku, na aliambiwa aimeze kwa miaka isiyopungua 5. Sasa anataka kuiacha. Anasema nywele zimeota, mwili umerudi, shambani halimi nyuma ya mtu, na vidonge vinamletea joto kiasi kwamba mwezi wa saba, wakati sisi wengine tunajifunika mablanketi mawili, yeye anafungua dirisha.

Ningekubaliana naye kama nisingeisoma karatasi ya maabara anayoitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Imeandikwa kwamba uvimbe ulikuwa wa sentimita 3.5, daraja la 3 (yaani seli zake ni za aina inayokua kwa kasi), na kwamba kati ya tezi 11 zilizotolewa kwapani, 4 zilikuwa na saratani. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba hizo tezi 4 ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa sababu seli za saratani hutoka kwenye titi kwa mishipa ya limfu au ya damu, na zikishaonekana kwapani, huenda nyingine zimekwisha kupita na kujibanza kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, zikiwa chache mno kuonekana kwenye picha yoyote. Karatasi inasema pia kwamba saratani yake ina vipokezi vya homoni, yaani huchochewa na homoni za kike. Hiyo ni nafuu, kwani ndiyo inayosikia vidonge, lakini ndiyo pia inayoweza kurudi hata baada ya miaka 10 na zaidi, tofauti na ile isiyo na vipokezi, ambayo hatari yake kubwa huwa katika miaka michache ya mwanzo. Kwangu mimi, kujisikia mzima katika mwaka wa pili hakuthibitishi lolote.

Mama yetu anashikilia kwamba kisu ndicho kilichoutawanya ugonjwa. Nimemwambia zile tezi zilikwisha kuingiliwa kabla ya upasuaji. Amenyamaza, ila sidhani kama amekubali.

Lililonisukuma kuandika ni mgongo. Wiki ya 6 hii unamuuma pale anapofungia kanga, hata akiwa amelala. Yeye anasingizia uvunaji wa viazi, lakini nilivuna naye, na wangu ulipoa kwa siku tatu.

Je, maumivu ya namna hii yanaweza kusubiri miadi ya Novemba, au nimpeleke Mbeya wiki hii, na niombe apimwe nini? Ikiwa joto ndilo linalomshinda, lipo la kulipunguza, au dawa nyingine badala ya kuacha kabisa? Tena, kwenye HER2, protini ambayo ikizidi huifanya saratani ya titi ikue haraka, pameandikwa kwamba haikupimwa, na tulipouliza tulijibiwa kwamba muda umepita. Ninavyojua, kipande cha uvimbe huhifadhiwa maabara kikiwa kimegandishwa kwenye nta. Je, hakiwezi kupimwa leo?

Nitashukuru nikijibiwa mapema, kwa kuwa pakiti aliyo nayo imebaki na vidonge 9, na amesema hanunui nyingine.

Mdogo wake,
Tukuyu, Rungwe