Kabla hujailipia kompyuta, iulize prosesa yake

Kampala,
Tarehe 9 Machi

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Kampala. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe pamoja na mama na watoto wote huko Arua. Sisi hatujambo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unaniambia kuwa umepata mtu wa kukuuzia kompyuta mpakato iliyotumika, kwamba ni "i7 yenye prosesa nne" (i7 ni jina la familia moja ya prosesa za Intel, yaani chipu zinazofanya hesabu za kompyuta), na kwamba anataka umtumie pesa ndipo aipakie kwenye basi. Nakuomba, ndugu yangu, usitume hata shilingi moja kabla hujaona majibu ya amri moja fupi ya mfumo wa Linux iitwayo lscpu, inayoeleza prosesa ya kompyuta. Nina sababu ya kukusihi hivyo, kwa kuwa maneno hayohayo niliambiwa mimi katika duka moja la hapa mjini, nikayaamini, nikalipa.

Nilikuwa nataka kuendesha mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja, kwa wakati mmoja, ili niwafundishe vijana jinsi kompyuta zinavyowasiliana kwenye mtandao. Mbili ziliwaka vizuri. Nilipowasha ya tatu, kishale kiliganda katikati ya kioo, feni ikavuma, na vijana wakabaki wakinitazama. Jioni ile ndipo nilipofungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika lscpu, nikasoma mistari ambayo ningepaswa kuisoma dukani:

Model name: Intel(R) Core(TM) i7-6600U CPU @ 2.60GHz
CPU(s): 4
Thread(s) per core: 2
Core(s) per socket: 2
Socket(s): 1

Anza kusoma kutoka chini. Mashine ina soketi moja, maana yake chipu ya prosesa ni moja. Ndani ya chipu hiyo mna viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kila moja peke yake, na kila kiini kinapokea nyuzi mbili za maagizo. Ukizidisha moja kwa mbili kwa mbili unapata nne, na hiyo ndiyo nne inayoandikwa kwenye mstari wa CPU(s). Kwa hiyo muuzaji hakuitoa hewani ile nne yake, lakini alihesabu nyuzi akaziita prosesa. Nyuzi mbili za kiini kimoja hugawana mitambo ileile ya kukokotoa: mmoja unaposubiri data, mwingine hupata nafasi ya kufanya kazi. Faida ipo, ila kiini kimoja hakigeuki kuwa viwili.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, andika lscpu -e. Utapata jedwali lenye mstari mmoja kwa kila CPU, na safu iitwayo CORE. Kwenye mashine yangu, CPU 0 na CPU 2 zote zimeandikwa kiini 0, na CPU 1 na CPU 3 zimeandikwa kiini 1. Nililitazama jedwali hilo kwa muda mrefu. Mashine pepe zangu tatu zilikuwa zinagombania viini viwili, na mfumo wenyewe nao ulihitaji sehemu yake.

Sasa litazame lile jina kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Intel ilitoa i7-6600U mwaka 2015, na mwaka huohuo ikatoa i7-6700HQ. Zote mbili ni i7, zote ni za kizazi cha sita, na kasi ya msingi ya zote mbili ni 2.60GHz. Lakini ya kwanza ina viini viwili na imeundwa kutumia umeme kidogo, wati 15, ilhali ya pili ina viini vinne na nyuzi nane, na hutumia wati 45. Kibandiko kilichobandikwa karibu na kibodi hakitakuonyesha tofauti hiyo. Herufi zinazofuata namba ndizo zinazoionyesha, na lscpu inaziandika zote.

Amri yenyewe haihitaji nenosiri la msimamizi, wala huna haja ya kuitafuta kwenye intaneti, kwa sababu imo katika mkusanyiko wa util-linux ambao huja na karibu kila toleo la Linux. Taarifa zake inazichota kutoka kwenye kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, hasa katika /proc/cpuinfo na katika saraka ya /sys. Unaweza kulisoma faili la /proc/cpuinfo wewe mwenyewe, ila linarudia maelezo yaleyale kwa kila uzi, na mtu asiyelizoea huhesabu mafungu manne akadhani ameona viini vinne.

Kwa kuwa wewe unataka kuendesha mashine pepe, tafuta pia mstari wa Virtualization. Kwenye prosesa ya Intel uonyeshe VT-x, na kwenye ya AMD uonyeshe AMD-V. Kuelekea chini utaona mistari ya kasoro za usalama iliyo chini ya kichwa Vulnerabilities, au, kwenye matoleo ya zamani, inayoanza na neno Vulnerability, ikiwamo ya Meltdown na Spectre, kasoro za prosesa zilizotangazwa Januari 2018. Ukikuta neno Mitigation, ujue mfumo umeshaweka kinga. Ukikuta Vulnerable, kinga bado haijawekwa, basi sasisha mfumo kabla ya kuanza kazi. Mistari ya kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, isikusumbue sana, ingawa kati ya mashine mbili zinazofanana mimi ningechukua ile yenye L3 kubwa zaidi.

Nakushauri ufanye hivi. Binamu yako anayesoma hapa Kampala aje kwangu nimpe flashi yenye Ubuntu, toleo mojawapo la Linux. Aende nayo kwa muuzaji, aiwashe kompyuta kupitia flashi hiyo bila kusakinisha chochote, abonyeze Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kisha aandike lscpu mbele ya muuzaji. Apige picha ya kioo kizima, jina la kompyuta lililo kwenye fremu lionekane, akutumie wewe na mimi. Usikubali kutumiwa faili la maandishi tu, kwani faili mtu yeyote anaweza kulihariri. Muuzaji akikataa mashine yake isiwashwe kwa flashi, binamu yako amuage kwa heshima na aondoke.

Betri, diski na bawaba za kioo lscpu haizijui, kwa hiyo hizo azikague kwa mikono yake.

Nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi na moja jioni. Mwambie aje kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi ninasafiri kwenda Masindi, na flashi nitakuwa nayo safarini. Nisalimie sana mama.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Kampala