Jumamosi ni polo ya maji, si kuogelea

Habari za jioni, akina dada. Jumamosi hii hatuingii bwawani. Tunakutana Kabalagala, hapa Kampala, saa kumi kamili jioni, palepale pa kawaida, kutazama fainali ya wanawake ya polo ya maji, mchezo wa kufunga mabao kwa mikono bwawani, ya Olimpiki ya Paris 2024. Ni marudio, na matokeo mnayajua: Hispania 11, Australia 9. Njooni tu, utamu wake hauko kwenye matokeo.

Mtazameni kipa mwenye kofia nyekundu. Yeye peke yake anaruhusiwa kudaka mpira kwa mikono miwili. Wengine wote ni mkono mmoja. Kila timu ina saba majini, robo 4 za dakika 8, na hakuna anayekanyaga chini. Miguu inazunguka muda wote kama mtu anayepiga mayai ya rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Anayejisifu hapa kwamba ana pumzi, tutaongea baadaye. Na kabla ya mechi waamuzi hukagua kucha, kwa hiyo wenye kucha za saluni mmeonywa.

Polo ya maji ya wanawake iliingizwa Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Wanaume walikuwepo tangu 1900. Miaka mia nzima! Australia walichukua dhahabu hiyo ya kwanza 4–3 dhidi ya Marekani, bao likiingia sekunde za mwisho kabisa.

Mchango ni shilingi 5,000 za chai na chapati, tumeni kwa simu kabla ya Ijumaa jioni. Watoto waje. Umeme ukikatika, jenereta ipo.