Michongo ya Borobudur kwa kikao cha Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Kabla ya kikao chetu naomba kila mmoja aitazame kwa makini michongo ya hekalu la Borobudur, kisiwani Java, Indonesia, lililojengwa yapata karne ya 9. Paneli zake 1,460 za masimulizi hufuatana ukutani, na mtazamaji huzisoma kwa kulizunguka hekalu likiwa upande wake wa kulia, hivyo hadithi husonga kadiri anavyotembea. Tusinakili sura na mavazi tu. Tuchunguze jinsi miili inavyopinda na miti inavyotenganisha tukio na tukio. Merikebu zake, zenye miti ya pembeni kama ngalawa zetu, zinanivutia mno. Tafadhali njooni na michoro sita ya katuni inayoonyesha mwendo mmoja.