Kabla hujampa fundi pesa

Mombasa

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na watoto. Sisi hatujambo, joto tu.

Nimeisoma barua yako kuhusu yule fundi cherehani wa Kilifi unayetaka kumkopesha pesa. Wakili amewaandikia hati, cherehani zake zimetajwa kuwa dhamana, na wewe umetulia. Hati lazima iwepo, itiwe sahihi, na itaje deni na mali yenyewe. Lakini inawafunga nyinyi wawili tu. Sacco ya hapo mjini haiijui. Kesho akienda kukopa huko kwa cherehani zizo hizo, nao wakaisajili dhamana yao kabla yako, akishindwa kulipa wao ndio watakaotangulia, hata kama hati yako iliandikwa kwanza.

Ndivyo inavyosema sheria yetu ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika: mashine, mifugo, mazao, hata madeni unayowadai wateja. Rejesta yake inapatikana kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Hupeleki mkataba mzima. Unaweka taarifa fupi ya nani anadaiwa, nani anadai, na mali gani imewekwa.

Na kabla ya yote, ipekue kwanza hiyo rejesta. Mkopeshaji anaruhusiwa kuchukua dhamana ya mali yote ya mtu, aliyo nayo na atakayoipata baadaye. Kwa hiyo cherehani aliyoinunua juzi, ile unayoisifia, huenda tayari imo kwenye dhamana ya mtu mwingine tangu siku iliyofika dukani kwake. Kwa macho huwezi kujua.

Ungeweza pia kuzichukua cherehani ukae nazo mwenyewe. Hilo nalo sheria inalitambua. Ila sasa atashona na nini, na pesa za kukulipa zitoke wapi?

Akishindwa kulipa, usitume vijana na pikapu usiku. Mpe notisi ya maandishi. Akikataa kuzitoa, ni mahakamani. Mpaka dakika ya kuuzwa ana haki ya kulipa deni na gharama akazikomboa, na mkiuza zikaleta zaidi ya anachodaiwa, ziada ni yake. Akimaliza kulipa, ufute taarifa yako, usimwache na kivuli cha deni lililokwisha.

Mwombe namba ya kitambulisho chake. Jumamosi ukishuka huku tutaitafuta kwenye rejesta pamoja, na pesa zibaki kwako hadi hapo.

Wako,
Mwanaisha