Barua ya malalamiko: Mlitukatia fainali ya Wimbledon kwenye tai-breki

Tanga,
16 Julai 2024.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Televisheni ya Kulipia,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATIZWA KWA FAINALI YA WIMBLEDON YA WANAUME WAWILI WAWILI, JULAI 13

Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha michezo, na hapa Tanga nafundisha vijana tenisi. Jumamosi usiku fainali ya wanaume wawili wawili ilikuwa seti ya tatu, imeshafika tai-breki, yaani mchezo wa ziada wa kuhesabu pointi unaoamua seti timu zikifungana 6-6, mkaikata. Hapakuwa na tangazo wala maandishi kwenye skrini. Tukajikuta studio, wachambuzi wakijadili fainali ya Euro ya Hispania na Uingereza, ambayo ingechezwa kesho yake usiku. Mpira ulikuwa na siku nzima ya kujadiliwa. Tenisi ilikuwa imebakiza pointi chache bingwa apatikane.

Naomba mjue mlichokata. Harri Heliövaara wa Finland na Henry Patten wa Uingereza walianza kucheza pamoja mwaka huu tu, na hawakuwamo kwenye timu zilizopangwa kwa ubora. Heliövaara aliwahi kuacha tenisi kwa miaka kadhaa, akafanya kazi uwanja wa ndege wa Helsinki. Patten aliwahi kuajiriwa Wimbledon hapohapo, akirekodi takwimu za mechi za wenzake. Watu hao wawili waliwakabili Max Purcell na Jordan Thompson wa Australia, na seti zote tatu zikaishia 7-6. Waaustralia walichukua ya kwanza. Mara tatu walibakiwa na pointi moja tu wabebe kombe, na mara tatu wakazuiwa. Seti ya mwisho tai-breki huchezwa hadi pointi 10, lakini lazima mshindi aache tofauti ya mbili, ndiyo maana ikafika 11-9. Hizo ndizo pointi mlizotunyima. Vijana wangu walipata matokeo kwenye simu.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja, dada aliyepokea alinijibu kwa heshima kwamba mchezo wa wawili wawili hauna watazamaji wengi. Simlaumu yeye, bila shaka alisema alichoelekezwa. Jibu lenyewe silikubali. Kwenye ratiba ya king'amuzi mliandika kwamba fainali hiyo itaonyeshwa moja kwa moja, na kwa sababu hiyo nililipia mwezi mzima. Kama mnapanga kuonyesha nusu, andikeni nusu, mteja aamue kabla hajatoa hela yake.

Tena huo ndio mchezo unaochezwa zaidi huku kwetu. Kiwanja kikiwa kimoja na vijana ni wengi, huwezi kuwaweka wawili ndani na kuwakalisha wengine wote nje. Unaingiza wanne. Wanaposimama kiwanjani wanahitaji kujua mambo ambayo hawatayaona kwenye mechi ya mmoja mmoja: mchezaji wa mbele anavyoinama katikati karibu kabisa na neti mwenzake akianzisha mpira, ishara ya vidole anayompa kwa nyuma ya mgongo, wakati wa kuruka kuukata mpira usiokuwa wake na wakati wa kutulia. Nayaeleza kwa maneno kila wiki. Wakiyaona yakifanywa kwenye tai-breki ya fainali, mkono ukiwa umeshikwa na woga, wanayaelewa kwa namna ambayo mimi siwezi kuwapa.

Na msiniambie ni mchezo wa watu wa mbali. Wayne Black na Kevin Ullyett, Wazimbabwe wawili, walichukua US Open mwaka 2001 na Australian Open mwaka 2005 wakicheza pamoja. Januari mwaka huu Rohan Bopanna wa India alishinda Australian Open na Matthew Ebden akiwa na miaka 43. Kijana anayeambiwa ameshachelewa kuanza anahitaji sana kumwona mtu kama huyo. Wala urefu wa mechi si sababu, maana tangu mwaka 2023 Wimbledon wenyewe wameipunguza mechi hii kutoka ushindi wa seti tatu hadi seti mbili.

Naomba mrudie fainali hiyo yote, tangu pointi ya kwanza hadi ya mwisho, na mtangaze siku na saa mapema ili niwakusanye vijana. Muhtasari wa dakika chache hautatosha. Pia naomba jibu la maandishi: nani aliamua kuikata, na ratiba yenu ina maana gani mnapoandika "moja kwa moja"?

Jambo la mwisho ni la haraka. Julai 27 tenisi ya Olimpiki inaanza kwenye viwanja vya Roland Garros, Paris, na Rafael Nadal na Carlos Alcaraz wameshatangazwa kuichezea Hispania pamoja. Najua mechi zao mtaonyesha. Naomba mashindano hayo ya wawili wawili muyaonyeshe hadi fainali, hata kama wao watatolewa mapema, na mnithibitishie hilo kabla sijalipia kifurushi cha mwezi ujao.

Wenu,

Kocha wa tenisi ya vijana, Tanga.