Kemshafti ndefu zinaua injini za zamani Arusha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye Land Cruiser za injini ya 2F, Peugeot 504 na Datsun za zamani. Wengi wanaagiza kemshafti, yaani shafti yenye nundu zinazofungua valvu, kwa kuangalia namba kubwa ya digrii kwenye katalogi, kisha injini iliyokuwa nzima inarudi gereji haina nguvu. Inauma, kwa sababu vipuri vya injini hizi vinazidi kuadimika. Kwa gari la kutembelea hapa Arusha, kemshafti inayofaa ni fupi, yaani inayoacha valvu wazi kwa muda mfupi, isiyoachana mbali na ile ya kiwandani.

Sababu ni hewa. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 15. Ukingo wa Ngorongoro, karibu mita 2,300, upungufu unakaribia robo. Silinda inaanza kazi ikiwa na hewa chache tayari. Kemshafti ndefu inachelewa kufunga valvu ya kuingiza: pistoni imeshaanza kupanda, valvu bado iko wazi, na sehemu ya hewa hiyo hiyo chache inasukumwa kurudi kwenye manifoldi. Katika mizunguko 5,000 kwa dakika mwendo wa hewa unaizuia isirudi, na hapo ndipo gari la mashindano linapofaidi. Lakini Land Cruiser yenye mzigo inapanda mlima wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu ikiwa na mizunguko 1,800. Injini ya 2F ina kompresheni (kiasi pistoni inavyobana hewa) ya 7.8 kwa 1 tu. Haina cha kupoteza.

Naelewa mvuto wa Safari Rally. Datsun za dereva Shekhar Mehta zilishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na mpaka leo watu wanataka injini "ya rali". Ila injini ya rali hujengwa nzima: kompresheni, kabureta, ekzosi, gia na difu vyote vinapangwa kwa mizunguko ya juu. Ukichukua kemshafti peke yake umechukua hasara yake bila faida yake.

Kwenye katalogi, angalia digrii (kiasi krenki, shafti kuu ya injini, inavyozunguka valvu ikiwa wazi) zimehesabiwa vipi. Mmoja anaanza kuhesabu valvu inapogusika tu, mwingine anasubiri tapeti, kipande kinachosukumwa na nundu, inyanyuke milimita 1.27, na kemshafti ile ile inaweza kuandikwa 260 na huyu, 205 na yule. Linganisha kwa kipimo cha milimita 1.27, na kwa barabara zetu usivuke digrii 210. Pembe kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na ile ya kutoa moshi iwe digrii 110 hadi 112. Ikipungua, valvu zote mbili zinakaa wazi pamoja muda mrefu, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba na vakyumu (mvuto wa hewa kwenye manifoldi) inashuka. Hilo la vakyumu ni la usalama kabisa: injini ambayo ingesoma inchi 18 za zebaki kule pwani, hapa inasoma 13 au 14 ikiwa nzima. Ukiipunguza tena, busta ya breki, inayotegemea vakyumu hiyo, inakosa nguvu na pedali inakuwa ngumu ukiwa katikati ya foleni.

Anayetaka nguvu zaidi apandishe kompresheni kwa kupunguza uso wa hedi, na kwa kiasi. Injini iliyotulia Arusha inaweza kuanza kugonga ndani ya silinda ikiteremka Tanga, kwa kuwa kule hewa ni nzito.

Kosa baya kuliko yote ni kurudisha tapeti za zamani kwenye kemshafti mpya. Uso wa tapeti unaonekana bapa, kumbe umetuna kidogo mno katikati, nayo nundu imekatwa kwa mshazari mdogo. Hayo mawili ndiyo yanayoizungusha tapeti kila inaponyanyuliwa, isilike mahali pamoja. Chukua tapeti mbili, zigusanishe uso kwa uso, zielekeze dirishani. Zikiwa nzima zitachezacheza na mwanga utapita pembeni. Zikitulia kama vifuniko viwili, au mwanga ukionekana katikati, zimekwisha, na zitaila nundu mpya mapema sana. Injini ya 2F inahitaji tapeti 12, zote mpya. Datsun yenye kemshafti juu ya hedi haina tapeti za namna hii. Kwake badilisha roka, mikono inayosukuma valvu.

Kukereza upya kemshafti ya zamani kunawezekana, lakini ugumu wa chuma uko juu juu. Ukikata sana unafika kwenye laini. Tena duara la msingi la nundu linapungua, tapeti inakaa chini, pushirodi, fimbo inayosukuma roka, inakuwa fupi. Mdai mkerezaji karatasi ya vipimo kwa kila nundu. Kwa mfano, kilele kikiwa milimita 40.2 na duara la msingi 33.5, mnyanyuo ni 6.7, kwa roka ya uwiano wa 1.5 valvu inafunguka 10.05, toa klirensi, ule upenyo mdogo unaoachwa kwenye valvu. Nundu iliyopungua robo milimita kuliko nyingine haifai.

Wakati wa kufunga, hesabu meno ya gia za taiming kwa utulivu. Gia ya kemshafti ikiwa na meno 40, kosa la jino moja ni digrii 18 za krenki. Valvu ikiwa wazi kabisa, springi ibaki na nafasi ya milimita 1.5 kabla koili zake hazijabanana.

Kuwasha mara ya kwanza ndiko kunakoamua. Paka grisi ya molibdenamu kwenye nundu na nyuso za tapeti, jaza oili na maji, hakikisha taiming na petroli viko tayari ili injini iwake bila kupigwa starta muda mrefu. Ikishawaka isikae sailensa: iwe kati ya mizunguko 2,000 na 2,500, ukiipandisha na kuishusha, kwa dakika 20 hadi 30. Nundu hupata oili inayorushwa na krenki, na kwenye sailensa hairushwi ya kutosha. Tumia oili ya dizeli ya 15W-40 daraja la CI-4, ina zinki nyingi kuliko oili nyepesi za magari mapya. Baada ya hapo imwage, kata filta uangalie vumbi la chuma, kisha rekebisha valvu injini ikiwa moto: kwa 2F, milimita 0.20 ya kuingiza na 0.35 ya ekzosi. Siku chache baadaye pima tena. Ukikuta valvu moja imepanuka klirensi peke yake, usiikaze ukaondoka. Nundu yake inalika, gari lisimame.

Fundi wa injini,
Unga Limited, Arusha